Intel HD 3000 na HD 4000 kwenye laptopu za mtumba: ipi inacheza gemu kweli? Tumezipima zote mbili

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za jioni. Swali hili linarudi kila baada ya wiki mbili tatu, mtu anaandika "nina pesa kidogo naomba ushauri laptopu ya i5 ya kuchezea gemu", anajibiwa chukua ThinkPad T420, mwingine anasema hapana bora T430, ukiuliza kwanini unaambiwa hiyo ya pili ni mpya zaidi, basi, mjadala umekufa. Nimeona niandike kwa kirefu kwa sababu mimi nina T430 na mdogo wangu ana T420, tumekaa meza moja karibu wiki tatu tukibadilishana RAM na gemu usiku kucha, na yapo mambo tumeyaona ambayo yangetuokolea pesa kama kuna mtu angetuambia mapema.

Kwanza tuelewane. Laptopu nyingi za maofisini zinazoshuka huku zikiwa mtumba hazina kadi ya grafiki ya kujitegemea, yaani grafiki (sehemu inayochora picha za gemu) imo humohumo ndani ya prosesa. Ukisoma i5-2520M, ile 2 ya mbele ni kizazi cha pili, Sandy Bridge, imetoka mwanzoni mwa 2011, na grafiki yake ni HD 3000. Ukisoma i5-3320M hicho ni kizazi cha tatu, Ivy Bridge, 2012, grafiki ni HD 4000. Kwa hiyo ThinkPad T420 na X220, Latitude E6420, EliteBook 8460p zote zimo kundi la 3000. T430, X230, E6430 na 8470p zimo kundi la 4000. Zipo chache kwenye familia hizohizo ziliagizwa na kadi ya NVIDIA au AMD pembeni, ukiipata hiyo ni bahati yako, ila mimi naongelea zile za kawaida ambazo ndio zimejaa madukani.

Sasa kwa mahesabu. HD 3000 ina vitengo vya kuchakata 12, HD 4000 ina 16. Mtu akisikia hivyo anasema ah, tofauti ni vitengo vinne tu. Sio hivyo, maana kila kitengo cha 4000 kinapiga hesabu 16 kwa pigo moja la saa wakati cha 3000 kinapiga 8. Chukua 12 mara 8 mara 1.3 GHz unapata kama bilioni 125 kwa sekunde. Chukua 16 mara 16 mara 1.2 GHz unapata kama bilioni 307. Yaani kwa karatasi 4000 imemzidi mwenzake karibu mara mbili na nusu.

Lakini ukikaa kwenye gemu huoni mara mbili na nusu. Tangu 2012 wengi waliozipima walikuwa wanapata HD 4000 inazidi kwa theluthi mpaka nusu hivi, na sisi hivyo ndivyo tulivyoona. Zilizobaki zinaenda wapi? Hapa ndipo kiini cha uzi wangu kilipo wakuu, naomba msome taratibu.

Grafiki hizi hazina kumbukumbu yao. Kadi ya kujitegemea inakuja na RAM yake pembeni yenye njia pana, hizi zinakopa RAM ileile ya Windows, na zinagombania njia na prosesa. RAM ya DDR3 ya 1333 ikiwa kipande kimoja inapitisha gigabaiti 10.6 kwa sekunde. Ukiweka vipande viwili vinafanya kazi kwa pamoja, inakuwa chaneli mbili, unapata 21.3. RAM ya 1600 kipande kimoja ni 12.8, viwili 25.6. Sasa laptopu hizi nyingi ukiinunua inakuja na kipande kimoja cha 4GB, mwenye duka anakuandikia "RAM 4GB" na kweli ni 4GB, hajakudanganya, lakini grafiki yako inapumulia pua moja.

Ya mdogo wangu ilikuwa hivyo. Aliinunua kwa ajili ya PES 2013 tu, ile gemu ya mpira, chuo wanacheza ligi hosteli. Mpira ukiwa katikati ya uwanja uko sawa, lakini kila anapopata kona kamera inapokaribia jukwaani kwa mashabiki picha inakatakata, mpira unarukaruka, anapiga kichwa umeshapita. Akashusha rezolusheni, akazima vivuli, bado. Alishaanza kusema chipu mbovu arudishe. Nikamwambia tufungue. Tukatoa kifuniko cha chini, kuna kipande kimoja cha Samsung 4GB, stika yake imeandikwa PC3-10600, tukatafuta nafasi ya pili tukaikuta tupu na vumbi limekaa mule kama unga. Nikapuliza, nikachomoa kipande cha 4GB kwenye yangu nikachomeka mpaka vile vishikio viwili vya pembeni vikalia tik. Tukawasha, PES ileile, kona ileile, rezolusheni tumerudisha 1366x768. Mashabiki wametulia, mpira unatiririka. Alikaa kimya kidogo halafu akacheza mpaka saa tisa usiku.

Na yangu mimi je, HD 4000 iliyobaki na kipande kimoja? Nikaanza kuona ikikatakata pale ambapo jana yake ilikuwa safi. Hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi. 3000 yenye chaneli mbili kwenye gemu za zamani inakaa bega kwa bega na 4000 yenye chaneli moja. Mtu analipa nyongeza apate kizazi cha tatu, anakuja kuicheza na kipande kimoja cha RAM, ile nyongeza yote imekwenda na maji.

Kujua yako ikoje shusha programu ya CPU-Z, ingia Memory, tazama Channel imeandikwa Single au Dual. Msishtuke DRAM Frequency ikisoma 665 au 798, hiyo ni nusu, zidisha mara mbili unapata 1333 na 1600.

Kesho nitaandika gemu kwa gemu maana umeme unataka kukatika huku.

#2 Mchangiaji

Mkuu umenifungua macho, mimi nina 8460p miaka mitatu na sikuwahi kufikiria habari ya vipande viwili. Naomba tu unisaidie, PES 2017 itakubali? Na FIFA za baadae? Maana kuna jamaa aliniambia FIFA 15 kwenye yangu haifunguki kabisa nikaona ananitania.

#3 Mleta uzi

Hakutanii mkuu. Hapa ndio tunaingia kwenye tofauti ya pili, na kwa maoni yangu ni kubwa kuliko kasi.

DirectX ni lugha ambayo gemu za Windows zinatumia kuongea na grafiki. HD 3000 inaishia DirectX 10.1. HD 4000 inafika DirectX 11. Gemu ikijengwa kwa kutegemea vitu vya 11, kwenye 3000 haichezi taratibu, HAIFUNGUKI. Unabonyeza inakuja dirisha nyeusi inazima, au inakuletea ujumbe kwamba kifaa chako hakikidhi. Hakuna RAM wala setingi itakayokusaidia.

Wengi wanadanganywa na dxdiag, kile kifaa cha Windows cha kukagua grafiki. Ukifungua kwenye Windows 10 ukurasa wa kwanza unaona DirectX 12, mtu anaruka kwa furaha. Hiyo ni ya Windows, sio ya chipu. Nenda ukurasa wa Display tafuta mstari wa Feature Levels. Kwenye HD 3000 namba ya kwanza ni 10_1. Kwenye HD 4000 ni 11_0. Huo mstari ndio ukweli wako, mengine achana nayo.

Kwa mpira basi iko hivi. PES 2013 zote mbili safi. PES 2017 bado inatumia DirectX 9 upande wa kompyuta, kwa hiyo kwenye 8460p yako itafunguka, weka ubora wa chini na hakikisha RAM mbili, sisi kwenye T420 tumeicheza mechi nyingi tu, mvua ikinyesha uwanjani inalemea kidogo lakini unacheza. PES 2018 ndio ikahamia DirectX 11, hapo 3000 imefungiwa nje. Kwa FIFA mpaka wa 3000 ni FIFA 14, FIFA 15 walileta injini mpya kwenye kompyuta ikataka DirectX 11. Kwenye 4000 FIFA 15 na 16 zinafunguka na ukishusha kila kitu zinachezeka, ila usitegemee ulaini wa PES 2013.

Gemu nyingine tulizojaribu. GTA San Andreas na Need for Speed Most Wanted ile ya 2005 hizo hata usiulize, zote mbili zinakimbia, kama mahitaji yako ni hayo usimpe mtu senti ya ziada kwa ajili ya kizazi cha tatu. Counter-Strike 1.6 vilevile.

GTA V ndio kila mtu anauliza. Ile ina setingi ya DirectX 10, 10.1 na 11 kwa hiyo ajabu ni kwamba kwenye HD 3000 inafunguka. Kufunguka ni jambo moja na kucheza ni jambo lingine. Inaonesha picha, unageuza gari, gari linageuka baadae. Sikuweza kumaliza hata ile misheni ya kwanza ya benki. Kwenye 4000 nikiwa 800x600 kila kitu chini kabisa inaenda, mjini ukikimbia na polisi nyuma inaanguka vibaya, ila nilisogea na hadithi mpaka mbali tu. Mtu mwenye subira atacheza. Mimi binafsi siwezi kumshauri mtu anunue mashine ya HD 4000 kwa ajili ya GTA V, nitakuwa namuonea.

#4 Mchangiaji

Mimi nadhani unawachanganya watu ndugu. i5 ni i5. Nimenunua yangu muuzaji kanihakikishia ni i5 ileile kasi 2.5 na nyingine 2.6, tofauti ya pointi moja, na zote watt 35. Ukishakuwa na i5 grafiki ni ileile tu Intel HD.

#5 Mleta uzi

Sikatai kuhusu kasi ya prosesa mkuu, hapo uko sahihi kabisa. i5-2520M inaanza 2.5 inapanda mpaka 3.2 na i5-3320M inaanza 2.6 inapanda mpaka 3.3, kwa kazi za Word na kuvinjari huwezi kuzitofautisha hata ukifungwa kitambaa. Shida ni kwamba jina i5 linasema habari za prosesa, halisemi grafiki. Na stika ile ya bluu inafanana miaka yote miwili, nimeziweka hapa pembeni zote mbili, huoni tofauti.

Kwa hiyo ukiwa dukani usiangalie stika. Bonyeza kulia kwenye This PC, Properties, soma namba yote ya prosesa. Ikianza na 2 ni kizazi cha pili, ikianza na 3 ni cha tatu. Dakika moja tu.

#6 Mchangiaji

Naongezea hapo kwa faida ya wanaotaka deskitopu maana mimi nilikwama hapo. Sheria ya mleta uzi kwamba kizazi cha tatu ni HD 4000 ni ya LAPTOPU za Core i. Kwenye deskitopu ni hadithi nyingine. i5-3470 ambayo imejaa kwenye zile mashine ndogo za maofisini ni kizazi cha tatu lakini grafiki yake ni HD 2500, vitengo 6 tu. Ukitaka HD 4000 deskitopu ni i5-3570K, i7-3770 na i3-3225. Kizazi cha pili hivyohivyo, i5-2400 na i3-2100 zina HD 2000 vitengo 6, HD 3000 utaikuta kwenye zenye K kama 2500K na 2600K, na i3-2105.

Kwa hiyo deskitopu ya i5-3470 yenye nguvu zote za prosesa inashindwa gemu na laptopu ya i5-3320M. Mimi nilinunua nikiamini deskitopu lazima izidi laptopu. Bahati nzuri deskitopu unaweza kuchomeka kadi, nikatafuta kadi ndogo isiyohitaji waya wa umeme wa ziada nikapona, kwenye laptopu huna hiyo nafasi.

Na Celeron na Pentium za miaka hiyo, hata za laptopu, zinaandikwa "Intel HD Graphics" bila namba. Ukiona haina namba ujue ni vitengo 6. Kimbia.

#7 Mleta uzi

Asante sana mkuu #6, hili nilikuwa nimelisahau na ni la muhimu mno. Watu wa deskitopu msome hiyo mara mbili.

#8 Mchangiaji

Salaam kutoka Mombasa. Mimi mwanangu yuko darasa la saba, yeye ni Minecraft tu, hana habari na mpira. Nimemnunulia X220, imewekwa Windows 10, gemu haifunguki, inaleta maandishi "Pixel format not accelerated". Fundi alisema motherboard ina tatizo akataka nimwachie mashine siku tatu. Nikaona nisome hapa kwanza. Naomba msaada jamani, mtoto ananiuliza kila nikirudi kazini.

#9 Mleta uzi

Mama pole, na tafadhali usimwachie mtu hiyo mashine, motherboard yako haina shida yoyote.

Ni hivi. Minecraft ya Java haitumii DirectX, inatumia OpenGL, lugha nyingine ya kuongea na grafiki. Intel hawakuwahi kutoa draiva kamili (programu inayounganisha chipu na mfumo) ya HD 3000 kwa ajili ya Windows 10, unayoipata ni ile ya Windows 8 inayosukumwa na Windows Update. DirectX inakubali, OpenGL ndio inakorofisha na ujumbe wake ni huohuo uliouandika. Ukitumia toleo la zamani la Java, lile 8u51, matoleo ya zamani ya Minecraft yanafunguka.

Kizuizi cha pili ni toleo la gemu lenyewe. Kuanzia Minecraft 1.17 ya 2021 inahitaji OpenGL 3.2, na HD 3000 kwenye Windows inaishia 3.1. Pointi moja tu imemfungia mtoto mlango. HD 4000 inafika 4.0 na draiva yake rasmi ya Windows 10 ipo, kwa hiyo kwenye X230 asingekutana na hili kabisa.

Kama mtoto anaridhika na 1.12 au 1.16 fuata njia ya Java ya zamani. Kama anataka kucheza na wenzake wenye matoleo mapya basi kama kuna mtu wa Linux, ule mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, aje hapa atusaidie, najua mpo.

#10 Mchangiaji

Nimeitika. Mama, mwekee Linux Mint au chochote unachokiona rahisi. Draiva za Linux zinaitwa Mesa na zinatengenezwa na jamii yenyewe, na kwa HD 3000 zinatoa OpenGL 3.3, yaani chipu ileile ambayo Windows inaishia 3.1. Minecraft 1.17 na kuendelea inafunguka. HD 4000 kwenye Mesa inafika 4.2. Nimewawekea watoto wa jirani X220 mbili hivyo na zinacheza mpaka leo, tumepunguza umbali wa kuona mpaka vipande 6 vya ramani (chunks) na tumeweka mod, yaani nyongeza ya gemu, ya kupunguza uzito.

Na Windows 10 yenyewe Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, Windows 11 rasmi haizikubali prosesa hizi, kwa hiyo wenye mashine za vizazi hivi viwili Linux mtakutana nayo tu mbele ya safari.

Angalizo kwa wapenda Valorant na Fortnite, zile gemu za risasi za mtandaoni: Linux msiende, ulinzi wao dhidi ya wadanganyifu hauruhusu.

#11 Mchangiaji

Hapo hapo kwenye Valorant. Mimi na E6420 ya HD 3000 nisubiri nini?

#12 Mleta uzi

Mkuu sitaki kukupa moyo wa bure. Valorant ilipotoka 2020 waliandika HD 4000 kuwa kiwango cha chini kabisa, cha kupata fremu (picha) 30 kwa sekunde. Fortnite nao waliandika HD 4000 hiyohiyo. Gemu mbili kubwa za dunia, zote zimechora mstari palepale katikati ya hizi chipu mbili. Ndio maana nasema 2011 na 2012 ni mwaka mmoja kwenye kalenda lakini kwenye gemu za mtandaoni ni ng'ambo mbili za mto. Kama roho yako iko Valorant uza E6420 ungali na mteja, ongezea upate E6430. Na hata huko 4000 ndio kiwango cha mwisho kwa chini, hesabu fremu 30, usiongee habari za 60.

Na sisi wa 4000 nasi tusitambe sana, DirectX 12 haina, gemu zinazotaka 12 peke yake zinatufungia nje kama wenzetu wa 3000 walivyofungiwa na 11.

#13 Mchangiaji

Kwenye MacBook iko hivyohivyo kwa anayejiuliza. MacBook Pro inchi 13 ya 2011 ina HD 3000 na mfumo wake uliishia High Sierra, kwa sababu Mojave ya 2018 ilitaka Metal, lugha ya grafiki ya Apple, na HD 3000 haina. Ya katikati ya 2012 ina HD 4000 ikaenda mpaka Catalina. Kwa nje mashine hizo ni mapacha.

#14 Mchangiaji

Mleta uzi naomba kuuliza, T430 yangu ina RAM mbili, chaneli mbili nimehakikisha CPU-Z, 1600 kabisa. PES inaanza vizuri safi, baada ya dakika kama kumi na tano inaanza kusuasua, nikiiacha ipumzike inarudi vizuri. Hii nayo ni RAM?

#15 Mleta uzi

Hiyo ni joto mkuu, asilimia zote. Zile watt 35 prosesa na grafiki wanagawana, chungu ni kimoja. Ikipata moto mashine inajilinda, inashusha kasi ya grafiki kutoka MHz 1200 kuja chini hata 650 ambayo ndio kasi yake ya msingi, ndio unaona inasuasua. Ukipumzisha inapoa inapanda tena.

Laptopu hizi zina zaidi ya miaka kumi, pesti ya kupitisha joto iliyowekwa kiwandani juu ya chipu imekuwa kama chokaa. Yangu nilipofungua ilibanduka vipandevipande kama rangi ya ukuta, na kwenye mapezi ya feni kulikuwa na kitambaa cha vumbi kizima, nilikivuta kikatoka kama blanketi dogo. Safisha kwa spiriti, weka pesti mpya kidogo tu, punje ya mchele, rudisha skrubu kwa kupishana ukifuata zile namba zilizoandikwa pembeni, usikaze moja mpaka mwisho halafu nyingine. Ile chipu ya laptopu haina kofia ya chuma juu, ni silikoni tupu, ukikaza upande mmoja unaweza kuvunja kona. Hapo ndipo nilipotetemeka mikono.

Pia cheza ukiwa umechomeka chaja, na ingia kwenye jopo la Intel weka Performance. Kwenye betri inajibana yenyewe.

#16 Mchangiaji

Swali la mwisho kwa niaba ya wengi, nina T420 tayari, kipande kimoja cha 4GB. Pesa niliyonayo inatosha aidha kununua kipande cha pili au kuanza kuchanga nibadilishe T430. Nachezea PES 2013, San Andreas, na Most Wanted. Nifanye lipi?

#17 Mleta uzi

Nunua kipande mkuu, tena leo. Gemu zako zote tatu ni za DirectX 9, hakuna hata moja itakayokutana na mlango uliofungwa. Tafuta kinachofanana, 4GB, PC3-10600, kama hakipo chukua PC3-12800 kitashuka chenyewe mpaka 1333. Ukienda fika na kile cha kwako mkononi umuoneshe muuzaji, maana RAM ya deskitopu ni ndefu zaidi na haiingii. Ukikuta ya 2GB tu chukua hivyohivyo, sehemu kubwa itafanya kazi kwa chaneli mbili.

#18 Mchangiaji wa #16

Nimerudi wakuu. Nimepata 4GB ya Hynix kwa jamaa anayevunja laptopu mbovu, akanichomekea palepale. CPU-Z inasoma Dual. Nimecheza San Andreas pale Grove Street jioni jua likizama, kabla ya hapo nilikuwa nimezoea kuzima vivuli na kila kitu, leo nimeviwasha vyote na haijakata hata mara moja. Most Wanted bado nashusha, intaneti iko taratibu, ikikamilika nitaleta majibu hapahapa.

#19 Mchangiaji wa #8

Na mimi nimerudi. Kijana wa jirani amemwekea Mint tangu saa nane mchana, 1.20 imefunguka. Ameshajenga nyumba na ameweka kuku wanne ndani, ananiambia wa kwanza jina lake ni Mama. Mungu awabariki nyote mliojibu.